Rimu ya Aguti

Jumamosi jioni, foleni ya malori ya kwenda Uganda inapokuwa imekwama mjini Malaba, watu watatu hukosi kuwakuta kwenye benchi la Roselida, muuza kahawa, mkabala wa kanisa la Methodisti. Transiti, kama wanavyomtania, ni dereva mstaafu. Forodha, naye kwa jina la utani, alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani. Wa tatu ni Josiah Emorut, wanayemwita Wakili kwa sababu alisomea sheria na hajapata kukubali neno bila kuuliza ni nani aliyeshuhudia. Jumamosi hii alikuwa na mzigo wake mwenyewe. Kamati ya kanisa ilimtaka aandike historia isomwe kesho yake; na kamati hiyohiyo iliazimia kuuza rimu ya lori inayoning'inia kwenye mkaratusi uani, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa kengele, iende na vyuma chakavu, isipokuwa historia ionyeshe kuwa ina maana. Emorut alijua ina maana: aliyekuwa akiigonga ni marehemu mama yake, Aguti. Lakini shahidi wa jambo hilo alikuwa yeye peke yake, na ushahidi wa mwana juu ya mamaye angekuwa wa kwanza kuupinga.

— Andika hivi, alisema Forodha. Wamishonari walikuwa wanaenda Tororo, ng'ambo ya mpaka. Kufika hapa, karatasi haijagongwa muhuri. Wakangoja, wakangoja, wakachoka, wakajenga kanisa.

— Wakati huo mpaka ulikuwa na muhuri? Emorut akauliza.

— Boss, mpaka bila muhuri ni shamba tu.

— Nani alikuambia?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nimeuliza shahidi, umenipa methali.

— Huyo anadanganya, Transiti akadakia. Kanisa ilianzishwa na dereva Mmeru. Lori yake ilivunjika ekseli hapa hapa na mzigo ya viazi. Akaomba wiki mzima. Viazi ikaota!

— Ikaota ndani ya lori?

— Mpaka majani ikatokea kwa turubai, mzee! Akasema, hapa Mungu ako. Na hiyo rimu unaona ni ya nani, kama si ya hiyo lori?

Emorut akaipuliza kahawa yake ingawa ilikuwa imekwisha kupoa.

— Na ni nani aliyekuwa akiigonga? aliuliza, kana kwamba jibu halimhusu.

— Ai, hiyo sijui. Sisi tulisikia tu, na ilitusumbua! Geti ya mpaka ikifunguliwa, askari alikuwa anagonga chuma. Sasa kanisa ikigonga, tunadhani ni geti. Foleni mzima inawasha injini, moshi mpaka Amagoro. Kuangalia mbele, geti imefungwa. Utafanya nini? Umeshaamka, umeshavaa viatu. Unaingia kanisa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Forodha akaunga mkono.

— Hukumwona mwanamke? Emorut akasisitiza. Mwembamba, anayesimama kwa ncha za vidole ili aifikie?

— Mzee, mimi nilikuwa naangalia geti, si wanawake.

— Hapo sasa ndiyo umedanganya, alisema Roselida, na benchi zima likacheka.

Emorut hakucheka. Alikuwa anaziona nyayo za mama yake, visigino vyenye mipasuko vikiinuka kutoka kwenye kandambili, yeye akiwa nyuma ameshika Biblia ya mama.

Ndipo akafika mwanamke aliyevaa kola nyeupe ya kichungaji. Ni Vivianne, mchungaji mpya, aliyehamishiwa Malaba wiki hiyo. Akawasalimu wazee, akaagiza kahawa, akasimuliwa yote, muhuri na viazi na rimu. Akaitazama rimu kwa muda.

— Na ilikuwa inaliaje?

Transiti akafungua kinywa.

— Ilikuwa inalia... ilikuwa tu...

Akakifunga. Forodha alitafuta methali, akaikosa. Wote wakamgeukia Wakili. Naye alipekua kumbukumbu yake yote: akapata visigino, akapata harufu ya mafuta ya taa kwenye leso ya mama, akapata uzito wa Biblia. Sauti haikuwamo. Kukosa shahidi hakukuwa kumemuuma kiasi hicho.

Akaweka kikombe chini, akavuka barabara katikati ya malori.

— Wakili! Jumapili ni kesho! Transiti akapiga kelele.

Chini ya mkaratusi palikuwa na kipande cha chuma chenye kutu. Rimu ilikuwa juu. Ilimbidi asimame kwa ncha za vidole. Akagonga.

Sauti ikatoka nzito, ikavuka benchi, ikateremka na foleni kuelekea mpakani. Kisha kimya. Kisha mbali, katikati ya malori yaliyolala, injini moja ikawaka.

Emorut akasikiliza. Huenda ni dereva mzee aliyeikumbuka sauti hiyo. Huenda ni sadfa tu. Injini moja, alijiambia, si ushahidi wa kutosha.

Akasimama tena kwa ncha za vidole.