Jicho la Obonyo na Paipu za Laban

Benchi la Beldina, muuza kahawa, liko ng'ambo ya soko la Kibuye, ubao mmoja juu ya ndoo mbili za rangi, na kila asubuhi mafundi wa jua kali hulikalia wakinywa kahawa chungu na kutibu magonjwa ya watu. Siku hiyo mgonjwa alikuwa mwenzao, Obonyo Weldi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeharibu mishipa ya damu ndani ya jicho lake la kulia, na saa nne alitakiwa kliniki moja huko Milimani, achomwe kwa leza. Kusema kweli alikuwa anaogopa, ila mchoma vyuma atakiri vipi kwamba anaogopa moto?

— Daktari alisema mishipa inavuja, wanaichoma ifunge, Obonyo alisema.

— Omera, mimi ni plamba, Laban alidakia. Ukiziba paipu, maji inaacha kupita? Inatafuta pengine! Hiyo damu itatokea kwa pua.

— Na ile jicho ingine? aliuliza Ndegwa, muuza spea waliyemwita Profesa kwa kuwa alisoma gazeti hadi matangazo ya vifo. Moja ikikosa damu, si itaomba ya mwenzake? Damu nzito kuliko maji.

— Hiyo ni ya undugu, Profesa, Laban alimkosoa.

— Kwani macho si ndugu?

Obonyo akakuna kidevu.

— Mi nimechoma chuma miaka ishirini. Pale umechoma, kando yake ndio hukatika.

Maneno yake mwenyewe yalimtisha kuliko yao yote.

— Tena kwanza wanakuwekea matone, usione vizuri, Profesa alinong'ona. Kwa nini usione? Ndio wavute damu na hiyo mwanga!

— Waipeleke wapi? Laban aliuliza.

— Hapo hapo Milimani. Unadhani ile ngozi ya matajiri wa huko inang'ara bure? Kaa na jicho yako, bwana. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

— Basi nitaenda wiki ijayo, Obonyo alisema, akaomba kikombe cha pili.

Mama mmoja wa Kisian, Jacinta, alikuwa amesimama mbele yake na jiko lililovunjika mguu, akingoja fundi amalize kunywa.

— Samahani, Baba. Kama haitachomwa, hiyo damu inavuja saa hii inaenda wapi?

Profesa akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Obonyo alifumba jicho la kushoto. Tangu Jumapili nyuzi nyeusi zilikuwa zikielea kwenye lile la kulia, naye hakumwambia mtu, hata mkewe. Sasa zilikuwa zimeshikana. Jacinta, hatua mbili tu mbele yake, hakuwa na uso.

— Laban, Obonyo alisema. Nishike mkono. Twende Milimani.