Mbuzi wa Ntheo Hawamo

Basi la Kithyoko lilikuwa limeshapita Masinga, na mzee Kitonga bado alikuwa akimfokea jirani yake wa kiti. Jirani huyo alikuwa Faki, mpiga video wa mjini Machakos aliyerekodi sherehe ya harusi ya mwana wa Kitonga.

"Nimeangalia dividii yako jana. Mbuzi wako wapi?"

"Mzee, si ulitaka dividii moja, na picha safi kama kioo? Sherehe ilikuwa siku nzima. Nikishindilia yote hapo, picha inakuwa na ukungu. Ikabidi nikate."

"Asi! Ukakata mbuzi, ukaacha keki!"

"Mbuzi walikuwa wamesimama tu. Kwa keki watu wanacheka."

Kitonga akamgeukia mzima mzima. Mtu azaliwe Machakos, ale pilau ya kila harusi, na asijue kwamba kwa Wakamba, bila mbuzi wa ntheo, msichana bado si mke wa mtu!

"Mjomba wa bibi arusi alikuwa safarini siku hiyo. Sasa anasema hatukuleta mbuzi, msichana arudi kwao. Leo ukoo wao wote unakaa kuitazama hiyo dividii, ndiyo shahidi wangu!"

"Basi nitakutolea dividii mbili, kila kitu ndani. Nachukua tu kanda na..."

"Kanda ziko wapi?"

"Nilirekodia harusi ingine juu yake."

Basi likasimama. Mjomba mwenyewe alikuwa akingoja stendi ya Kithyoko, amevaa koti.

"Karibu, mzee. Tumewasha jenereta, watu wote wamekaa. Umeileta?"