Mama Robo na Wajawazito Mia Nane

Baada ya miaka thelathini na minne kazini, mtakwimu wetu tunayemwita Mama Robo anastaafu tarehe thelathini Juni. Aliingia hapa kwenye taasisi yetu ya utafiti wa afya kupanga mafaili na kupima uzito wa watoto wachanga. Anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha takwimu, penseli ikiwa bado nyuma ya sikio.

Jina alilipatia kwenye korido. Kila akija mfanyakazi mpya, alitupanga wote kuanzia mfupi hadi mrefu, kisha akatukata mafungu manne yenye idadi sawa. Hizo ndizo robo. Mkurugenzi aliangukia robo ya kwanza, akajiinua kwa vidole. Mama Robo alimwambia ashushe visigino, takwimu hazijui cheo.

Kazi yake kubwa ni utafiti wa wajawazito mia nane wa kliniki nne. Tulitaka kujua kama upungufu wa damu unaongeza hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mmoja wetu, aliyetoka likizo ya uzazi majuzi, macho mazito kwa kukesha na kichanga, aliwapanga kwa kiwango cha damu, akakata robo za kila kliniki kivyake. Ndiye anayeandika haya. Hatari ikaonekana karibu sawa kila robo, na ripoti ya kusitisha vidonge vya kuongeza damu ikawa inangoja saini tu.

Mama Robo aligoma. Alikuta kwamba mama wa robo ya juu kwenye kliniki ya machimboni ana damu kidogo kuliko wa robo ya chini kwenye kliniki ya mjini, nasi tumemhesabu kama mwenye damu nyingi zaidi. "Mwanangu," alisema, "mstari ni mmoja. Rudia." Kisha akampakata mwanangu, maana siku hiyo sikuwa na wa kumwachia, nami nikarudia.

Tulipowapanga wote mia nane pamoja, robo ya chini ilikuwa na watoto wepesi arobaini na sita kati ya mia mbili. Robo ya juu, kumi na watano. Mara tatu! Ripoti ilichanwa, vidonge vikabaki. Jina la aliyekosea hakulitaja kwa yeyote.

Asante, Mama, kwa ukali usiomvunja mtu. Tunakutakia afya tele na usingizi wa kutosha. Leo asubuhi foleni ya vidonge kule machimboni ilifika getini, na hakuna hata mmoja kwenye foleni ile anayekujua.