Fundi Aliyekubali Kuulizwa

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mafundi, majirani, wanafunzi wake wa zamani ambao wengine sasa mna mvi nyingi kuliko mimi, ndugu na jamaa wote, kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye kazini walimwita Timazi, kwa sababu hakuna ukuta aliouamini kabla hajauteremshia ile kamba yenye uzito wa chuma, na hapa kanisani watoto walimwita Mwalimu. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, niliyelala naye kitanda kimoja utoto wetu wote, yeye akivuta shuka na mimi nikilalamika, kwa hiyo mengi ya haya sikusimuliwa. Niseme mapema kwamba ndani ya historia hii kuna sehemu iliyokigawa kikao cha familia, wako waliotaka niiruke na wako waliotaka niisome, nami nitaisoma, na kabla sijakaa chini nitawaambia ni nani aliyetuamulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, na mama alikuwa akisema kwamba alitoka kimya, akawatazama watu wa chumbani mmoja mmoja kama mtu anayekagua kazi, ndipo akalia. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, katika shule ya madarasa manne iliyotazamana na reli, na tusimpambe, hesabu alizipenda, sarufi ilimshinda, na katika somo la dini mwalimu wake alimlalamikia baba kwamba mtoto huyu anauliza mno, anataka kujua kwa nini Nuhu alilewa baada ya kuokolewa na gharika, na kwa nini aibu hiyo iliandikwa wakati ingeweza kuachwa. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimjibu mwalimu kwamba hata yeye angependa kujua.

Mwaka 1968 alianza kujifunza uashi kwa fundi mmoja mkali wa mtaa wetu, akibeba maji na kuchekecha mchanga hadi mikono ikapasuka, mwaka 1974 akaajiriwa na mkandarasi wa majengo, na mwaka 1981 akafanywa msimamizi wa mafundi. Katikati ya hapo, tarehe 3 Desemba 1977, alifunga ndoa na shemeji yangu mpendwa aliyekaa pale mbele, ambaye ni fundi cherehani, na kwa wasiojua walivyokutana, shemeji alikuwa akitundika mapazia katika ofisi ya mchungaji, Kaka akapita na kumwambia kuwa pazia limekwenda upande, shemeji akamjibu bila kugeuka kwamba pazia limenyooka, dirisha ndilo lililokwenda upande, wakapima, kweli likawa dirisha, na dirisha lenyewe alikuwa amelijenga Kaka mwenyewe. Alirudi nyumbani akacheka peke yake mpaka mama akamuuliza kama ana homa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mwaka 1979, na wa kike wawili, mwaka 1982 na 1986, na wajukuu saba ambao leo wamekatazwa kukimbia na bado wanakimbia.

Mwaka 1980 alikabidhiwa darasa la watoto la shule ya Jumapili, katika chumba kile kidogo cha kando chenye viti vya chini na dirisha moja, na hapo ndipo mtaa wote ulipomjua. Kila Januari alianza upya na hadithi za mwanzo wa dunia, akaenda nazo mwaka mzima, Kaini na ndugu yake, Nuhu na zabibu zake, Yakobo na sahani ile ya dengu, Daudi na mke wa mtu, Yona aliyekasirika kwa sababu Mungu amesamehe, na alikataa katakata kuwasafisha watu hao, alisema Mungu angetaka kutuonyesha watakatifu waliopigwa pasi angewapiga mwenyewe. Tena aliweka sheria yake, kwamba hadithi ikiisha kila mtoto ajibu swali moja, mimi ni nani humu ndani, na ilikuwa marufuku kumchagua Mungu, malaika, au mtu yeyote aliyefanya vizuri. Kwa hiyo mnaweza kufikiria watoto waliokuwa wakirudi majumbani mwao siku ya Jumapili, mmoja akitangaza mezani kwamba yeye ni Kaini kwa kuwa dada yake amenunuliwa viatu, mwingine akijiita Yona na kuingia uvunguni ili asitumwe dukani, hata mama mmoja akaja hapa kwa hasira kuuliza kama mwanawe analetwa kujifunza dini au kujifunza utundu. Kaka alimwambia, "Utundu alikuja nao, mama, sisi tunaupa jina tu."

Mwalimu naye alijibu swali hilo, akiwa wa mwisho, ndiyo ilikuwa haki ya watoto, na kwa hadithi ya Adamu na Hawa kila mwaka alijibu kwamba yeye ni nyoka, akatoa ulimi, watoto wakaanguka kwa kicheko, wakafunga kwa sala.

Sasa nafika mahali penyewe. Mwezi Juni mwaka 1985 mkandarasi wao alikuwa akijenga ghala lake mwenyewe, na juu ya milango ilimiminwa boriti ya zege ambayo ilipaswa kuachiwa mbao zake mpaka ikomae, lakini Kaka, akiwa msimamizi, alikuwa na haraka ya kuwahi semina ya walimu wa shule ya Jumapili, ndiyo, mmenisikia vizuri, semina ya kufundisha neno la Mungu, akamwamuru fundi mwenzake ang'oe mbao mapema. Fundi huyo mnamjua, ni yule tunayemwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kukimbizwa na mtu wala saa, na siku hiyo alisema zege bado bichi, akaamriwa mara ya pili, akang'oa. Boriti ilianguka baada ya chakula cha mchana, kwa rehema za Mungu hakukuwa na mtu chini yake, mkandarasi akaja mbio akiuliza ni nani aliyeng'oa mbao, na kaka yangu akajibu, "Aliyeng'oa ni Taratibu."

Angalieni jibu hilo, hamna uongo ndani yake hata punje. Taratibu alifukuzwa siku hiyohiyo, jina lake likaharibika kwa mafundi kama maziwa juani, hakuna aliyempa tena mwiko wa kujengea, akaishia kuwa mlinzi katika lango la ghala lilelile, akimfungulia mkandarasi kila asubuhi. Kaka aliendelea na usimamizi wake, aliendelea na darasa lake, na kila Januari aliendelea kuwa nyoka, na kuna methali ya nyani ambayo sitaimalizia mbele ya mchungaji.

Mpaka Jumapili ya tarehe 13 Januari 1991. Hadithi ilikuwa ileile, watoto wamejibu, yeye akatoa ulimi, wakacheka, ndipo binti yake mkubwa, wakati huo ana miaka minane na mshika sheria kuliko polisi, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, nyoka hakuulizwa. Mungu alimuuliza Adamu, akamuuliza Hawa, nyoka hakumuuliza kitu. Chagua mtu aliyeulizwa." Shemeji, aliyekuwa ameketi nyuma na mtoto mdogo mapajani, anasema Kaka alifungua Biblia kuhakikisha, akasoma, akakaa chini kwenye kiti cha mtoto, na mara ya kwanza katika miaka kumi na moja darasa likaishiwa na mwalimu. Kisha akawaambia watoto jambo ambalo wengi wenu mliokuwa mle mnalikumbuka mpaka leo, kwamba Adamu hakusema uongo, mwanamke kweli alipewa na Mungu, tunda kweli alilitoa mwanamke, kila neno lilikuwa la kweli na yote kwa pamoja yalikuwa ni kujificha, akasema, "Mimi ni Adamu, na kuna mtu nimejificha nyuma yake." Sala siku hiyo alifunga shemeji.

Alitoka hapa akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Taratibu, akakiri mlangoni, na mimi ambaye nilifuatana naye bila kuelezwa kitu, nikidhani tunakwenda kumwona mgonjwa, nilisikia mwenye nyumba akimjibu bila kufungua mlango wote, "Umeniambia ukweli mimi ninayeujua. Nenda ukawaambie wasioujua." Mlango ukafungwa. Njiani nilimshauri Kaka kwamba basi, amekwishatubu, yaliyopita si ndwele, Mungu amesikia, akanitazama kama ananipima na timazi, akaniambia kwamba Mungu alikuwa amesikia tangu siku boriti ilipoanguka, ambao hawajasikia ni mafundi.

Jumatatu alikwenda kwa mkandarasi, akapoteza kazi kabla ya saa nne. Wiki zilizofuata alizunguka kila mahali palipokuwa panajengwa, akingoja mafundi wapumzike, anasimama kando ya rundo la mchanga na kueleza aliyoyatenda, kwingine wakamsikiliza, kwingine wakamzomea, na mahali pamoja wakammwagia ndoo ya maji ya saruji, akaja nyumbani mweupe kama sanamu. Wazee wa kanisa nao walimsimamisha kufundisha mwaka mzima, nami niliwaka, nikataka kuhama kanisa, lakini yeye alisema wana haki, kisha Jumapili iliyofuata akaenda akaketi na watoto kwenye viti vile vya chini, magoti yakigusa kidevu, darasa likifundishwa na shemeji, ambaye kwa taarifa yenu alikuwa mkali kuliko yeye. Swali likifika kwake alijibu kama watoto wengine, na hakuwahi tena kuwa nyoka.

Ni katika mwaka huo, nadhani, ndipo alipomjua Mungu ambaye alikuwa akiwafundisha watoto habari zake. Zamani alimfundisha Mungu kama mkaguzi, anayekuja na kipimo, lakini baada ya hapo alisisitiza kwamba katika hadithi ile aliyejificha ni Adamu na aliyetembea bustanini kumtafuta ni Mungu, anauliza ilhali anajua, ili mtu apate nafasi ya kutoka mwenyewe, na hata alipowatoa bustanini aliwatengenezea kwanza mavazi ya ngozi akawavika. Akimtazama mkewe kwenye cherehani yake alipenda kusema, "Hasira gani hiyo, inayokaa kwanza ikashona?" Dhambi hakuifanya ndogo, aliwaambia watoto wazi kwamba bustani ilipotea na kazi za watu hupotea, lakini hata Kaini aliyeua alitiwa alama ili naye asiuawe, na alama hiyo Kaka alikuwa akiichora ubaoni kama mkono uliofunguliwa.

Sitawadanganya kwamba Taratibu alimkumbatia, haya si maigizo. Mkandarasi alimrudisha Taratibu kazini Machi mwaka ule, na miaka mitatu ilipita wawili hawa wakipishana njiani kwa salamu ya kichwa, mpaka mwaka 1994, Taratibu akiwa sasa ndiye msimamizi, alipomtuma mtu kwa Kaka na ujumbe wa maneno matatu, "Njoo ufanye kazi." Kaka alifanya kazi chini yake miaka kumi na tisa, akipokea amri kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimtendea ubaya, hadi alipostaafu mwaka 2013, na kama waliwahi kuzungumza habari ile tena hakuna anayejua, tuliwaona tu saa ya mchana wakila kutoka bakuli moja, mmoja akila haraka na mwingine, mnajua nani, akiwachelewesha wote.

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu mwaka 2019, vumbi la saruji lilikuwa linadai deni lake, mwaka 2021 akamwachia darasa lake binti yuleyule aliyemnyooshea mkono, na kuanzia Novemba mwaka jana hakutoka tena kitandani. Kifua kilimbana, lakini kuuliza hakuacha, na wiki ya mwisho aliniuliza kama naogopa kufa, nikamwambia ndiyo, akasema hata yeye, kisha akaniomba nimsogezee shuka, na nilimpa lote. Alituacha siku ya Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na binti zake wakiwa wamesimama miguuni, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomvumilia akikagua kuta zao, majirani mliopika, mliochota maji na kulaza wageni, mafundi wenzake mliosimamisha kazi siku ya leo, mchungaji na wazee wa kanisa kwa sala zenu, na walimu wa shule ya Jumapili mliokesha na shemeji yangu. Tunaomba mzipokee shukrani hizi, maana hatuwezi kumfikia kila mmoja.

Imebaki moja. Juzi katika kikao baba yetu mkubwa alisema habari ya boriti isisomwe, huko ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi, marehemu apewe heshima yake, na wengi wetu tukaitikia, mimi nikiwa mmojawapo, ila shemeji akasema mwenye neno hilo hayumo chumbani. Tukamwita Taratibu. Alikuja kwa mwendo wake, akasikiliza pande zote, akavua kofia, akasema, "Mimi nilidhulumiwa na watu wengi maishani. Aliyerudi mlangoni kwangu ni mmoja. Mkiondoa hiyo, niambieni nimekuja kumzika nani." Baba mkubwa aliinuka akampa kiti chake, na hakukuwa na mjadala tena.

Kaka, aliyekutafuta amekupata. Lala kwa amani yake.