Samansi Iliyosukumwa kwa Fimbo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hakimu Judica Eliaichi. Wenyeviti wa vijiji mliofika leo bila kuitwa na mahakama. Ndugu zetu wa Bariadi na vitongoji vyake: mwadila!

UKARIBISHO

Mheshimiwa, sisi wasambaza nyaraka za mahakama tuna furaha mbili. Ya kwanza ni kukuona. Ya pili ni kwamba leo, kwa mara ya kwanza, watu wametuona na karatasi mkononi na hawajakimbia. Tunajua wengine wamefuata pilau, lakini sisi hatuchagui sababu. Karibu sana. Tumesikia kuwa tangu utoke Kilimanjaro wewe na vumbi letu bado mnazoeana. Mtazoeana tu.

HISTORIA FUPI

Kikundi chetu kilianzishwa na Januarius, ambaye ni mwenyekiti wetu hadi leo, akiwa na pikipiki isiyowaka mpaka isukumwe. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtu akishtakiwa, mahakama inaandika samansi, nasi tunampelekea mpaka mkononi, anatia saini au dole gumba kwamba ameipata. Bila hilo dole shauri linakwama. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kutungoja kwa hamu. Hata mleta habari ya msiba hukaribishwa kiti. Sisi tunafunguliwa mbwa.

MAFANIKIO

Hata hivyo tumefika kila tulikotumwa. Kule Nkoma, mdaiwa mmoja alijichimbia ndani ya rundo la pamba yake. Hatukumtafuta. Tulikaa, tukaomba maji, tukapiga soga kuhusu mvua, na alipopiga chafya tukampa samansi pamoja na pole ya mafua. Kule Nassa, mzee mmoja alitoka mlangoni mwenyewe akatuarifu kwamba yeye ameshafariki. Tukampa pole, akaitikia, tukamwomba marehemu atie saini. Alitia, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wetu.

CHANGAMOTO

Changamoto za kawaida unazijua: matope ya mbuga, mbwa, na mbuzi wa Itilima aliyekula samansi pamoja na kiapo chake. Hizo hatukusumbui nazo. Iko moja ambayo imetushinda, nayo ni ya mwenzetu Sayi. Yeye alituomba tusiitaje hapa. Tulikaa kikao, tukamwonea huruma, tukaamua kuitaja.

Siku hiyo sisi wengine tulikuwa Nassa. Sayi akapewa samansi ya Ngulyati, shauri la ng'ombe walioingia kwenye pamba ya jirani, lililopangwa kusikilizwa kesho yake. Alipolisoma jina la mdaiwa, akakaa chini. Lilikuwa la mama mkwe wake, Mama Specioza, mzazi wa mkewe Violeth.

Mheshimiwa, pengine kwenu si neno. Sayi alilelewa na bibi yake, na bibi yule alimfundisha kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi kitu mkono kwa mkono, wala jina lake halitamkwi na mkwe. Sasa sheria inamtaka msambaza nyaraka amtazame mtu usoni, alitamke jina lake, na ampe karatasi mkononi. Sayi alipanda pikipiki akiwa amebanwa na bibi upande mmoja na Jamhuri upande wa pili.

Alifika akaiegesha nje ya ua wa minyaa, akakohoa. Mama Specioza alikijua kikohozi kile, naye kwa heshima akaingia ndani akafunga mlango. Sayi akasimama uani, mgongo kwenye nyumba, uso barabarani.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanawane. Violeth hajambo?"

"Hajambo, mayu."

"Mbona nasikia miguu ya mtu mmoja? Mshenga wako yuko wapi?"

"Nimekuja kikazi, mayu."

"Kazi gani hiyo inayofanyiwa ukweni?"

 Pembeni Sayi aliuona ungo. Akaweka juu yake samansi na kidau cha wino, akaokota fimbo ya kuchungia, na bila kugeuka akausukuma ungo kinyumenyume hadi ukagonga mlango. Akaomba dole gumba, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Mlango ulifunguka kidogo, ukafungwa, na ungo ukarudi ukiwa na dole zuri la zambarau. Bibi alikuwa ameheshimiwa, na sheria nayo ilikuwa imetimizwa. Sayi alirudi mjini akipiga mluzi.

Hakujua alichoacha nyuma. Mama Specioza hasomi, ila muhuri anaujua. Mkwe amekuja bila mshenga, hataki hata kugeuka, na ameleta karatasi yenye muhuri. Kwa wazee wa kwetu hilo lina maana moja: anamrudisha mke na anataka ng'ombe wake. Kabla jua halijatua alishamtuma kaka yake, mzee Bundala, amchukue binti. "Mwambie atoke mwenyewe," alisema, "kabla hajatolewa."

Kesho yake mahakamani alielewa kwamba ni pamba tu. Yeye na jirani yake walipatana mbele yako, Mheshimiwa, utakumbuka, wakatoka wakicheka. Tukadhani yameisha. Kumbe lilibaki la fimbo. Januarius na katibu wetu Valeria walikwenda kuwa washenga, wakalishwa ugali na maziwa ya mgando hadi wakashindwa kuinuka, kisha wakajibiwa: "Mimi si ndama wa kuswagwa. Karatasi ilikuwa na mwenye muhuri. Mwenye muhuri ndiye aje."

Violeth naye, ambaye tangu jioni ile yuko kwa mama yake, ametuma neno: "Mwambieni Sayi simlaumu. Ila mama yangu sitamruka."

Tunacheka, Mheshimiwa, na Sayi mwenyewe hucheka tukicheka. Lakini siku hizi anaomba apangiwe vijiji vya mbali, ili akirudi awe amechoka, alale. Sayi anampenda mke wake. Tunalisema sisi kwa sababu yeye hawezi kulisema mbele ya watu.

MAOMBI

Tunaomba makoti ya mvua. Tunaomba karani asimpange mtu ukweni kwake.

Na tunaomba, Mheshimiwa, uende nasi Ngulyati. Mwenye muhuri ni wewe. Tunajua hakimu haingii nyumba ya mtu mwenye shauri, lakini lile limefungwa. Tena wewe ni mwanamke mwenzake, huna ukwe na mtu kule, unaruhusiwa kumtazama machoni na kumshika mkono. Sisi wengine tumebaki na fimbo.

Utusamehe, tumeshamwambia kwamba unakuja kesho asubuhi. Jogoo ameshafungwa kamba. Dereva wako naye tumemuuliza, amesema njia anaijua.

Sayi hataingia. Atakaa nje ya ua wa minyaa, mahali pa mkwe, na atangoja. Huko ndani mtaongea mtakayoongea. Ila mkimaliza, mtu atamtolea maji ya kunywa, maana hata mkwe mwenye kosa haachwi na kiu. Akiyaleta mtu mwingine, Sayi atakunywa, atashukuru, atawasha pikipiki. Akiyaleta Violeth, tutajua sote, na hatutamuuliza kitu.

HITIMISHO

Mungu aliyekuleta Simiyu akupe afya ya kulizoea vumbi lake, akulinde wewe na wa nyumbani kwako, na kila unapobisha hodi pafunguliwe kabla hujasema umetumwa na nani. Wabeja sana.

Ni sisi, Kikundi cha Fikisha Wito, Bariadi. Imesomwa kwa niaba ya wote na katibu, Valeria. Kesho tutakuwa mlangoni kwako mapema, na unatujua: hatuondoki mpaka mtu atoke.