Frigeti ya Fundi Albano

Pale Temeke, ubavuni mwa duka la mafuta ya taa, palikuwa na benchi lililolegea mguu mmoja, na kila alasiri watu walewale walilikalia wakinywa kahawa. Alhamisi moja, mwaka wa tatu tangu vita vya Hitla viishe, fundi seremala Albano alifika hapo na vumbi la msumeno kichwani, roho juu juu. Kundi lao la ngoma ya beni, ile ya kuigiza gwaride na manowari za Wazungu, lilikwisha kuwaimbia wapinzani wa Kinondoni kwamba Jumapili litatoka na manowari ya mbao, tena si manowari hivi hivi, bali frigeti. Jina lilichaguliwa kwa kuwa linajaa kinywani. Kuiunda aliachiwa Albano, na watu wa Kinondoni walikuwa na nyimbo za kumcheka mtu mpaka akahama mtaa.

Alipokea kikombe, akawaambia amesimamisha milingoti mitatu, kama alivyoona kwenye kitabu cha misheni.

Mfaume, aliyeitwa Makaa kwa kuwa vitani alichochea moto wa meli, aliweka kikombe chini.

— Fundi, mie nimeishi ndani ya frigeti miezi kumi na minne. Hakuna tanga hata la kufutia jasho. Ina dohani, ina mizinga, kazi yake kuwinda nyambizi.

Karani Adelard, Gazeti kwa wenzake, alikohoa kama anayefungua faili. Kitabu hakikukosea, alisema, wala Makaa haongopi. Frigeti ya matanga ilikuwepo. Baadaye ikavishwa chuma, ikatisha kuliko manowari zote. Halafu jina likafa, mpaka Waingereza walipolifufua vitani wakazipa meli ndogo.

— Kwa hiyo yako, Makaa, ni ya juzi. Ulipanda mjukuu aliyerithi jina.

— Karani, wewe bahari unaijulia kwenye chupa ya wino.

Jamali, aliyewahi kumpikia nahodha mmoja wa Kizungu, alisema wote wamechelewa. Nahodha wake alimwambia mezani kwamba frigeti ya kwanza kabisa ilikuwa mashua ya kutumwatumwa na meli kubwa.

— Ya makasia, alimalizia. — Tarishi tu.

Benchi zima lilicheka mpaka ule mguu ukalia. Albano hakucheka.

— Sasa niunde ipi? Jumapili wataniimba mie, si nyie.

Wakaanza upya. Makaa alitaka dohani yenye moshi wa kweli. Gazeti alitaka mabati ubavuni. Jamali alitaka wapiga makasia kumi na wawili, yeye akiwa mbele. Makaa akaapa kwamba kwa mwendo huu, frigeti ya wajukuu zao itaruka angani.

Hapo ndipo alipofika Bernadeta, shemeji yake Albano, aliyekuja juzi kutoka Masasi kuwashonea bendera. Alitoa shikamoo, akasikiliza kwa muda, kitambaa begani.

— Shemeji, hao wa Kinondoni watakaokucheka, wao wanajua frigeti ikoje?

Makaa alimtazama Gazeti. Gazeti alimtazama Jamali. Jamali alichungulia kikombe chake, na humo mlikuwa na machicha tu.

Albano alisimama, akapangusa suruali.

— Kata matanga matatu, shemeji. Jamali, njoo na makasia yako. Karani, mabati utayatafuta. Na wewe Makaa, dohani naiweka, moshi utajua mwenyewe.