Mkaguzi Alikuwa Nje ya Mlango

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Gorna Breza, nanyi mliotoka kiwandani mkiwa bado na nyuzi kwenye nguo, familia inawashukuru kwa kufika, na Teodora, binti wa kaka wa marehemu, ambaye naye anashona hapo hapo, ndiye aliyepewa kusoma historia hii.

Marehemu Zdravka Kehayova alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji hiki, akiwa kitinda mimba wa mzee Asen, mchunga kondoo, akasoma shule ya kijiji, kisha shule ya ushonaji mjini Smolyan aliyoimaliza mwaka 1986, akaajiriwa katika kiwanda cha serikali hadi kilipofungwa mwaka 1992, na tangu Septemba 1999 alishona kola za mashati katika kiwanda cha bondeni. Alifunga ndoa na Rumen tarehe 7 Oktoba 1989, wakajaliwa binti mmoja, Nevena, ambaye sasa anafua mashuka ya hoteli huko Austria.

Wote mnajua kwamba dubu alipoingia bustanini mwake alimtimua kwa sufuria na mwiko, lakini Bi Gergina, msimamizi wa kiwanda, akikohoa tu, Zdravka alilowa jasho. Kwenye mkataba alikuwa mfanyakazi wa masaa manne, wa asubuhi tu, ilhali alishona mpaka jioni, kama wengi mlioko hapa, na aliyeuliza alijibiwa, "Mlango uko wazi, mama, nje kuna foleni." Hata moyo ulipoanza kumsumbua, mwaka 2021, hakuthubutu kuomba likizo ya ugonjwa. Nevena alimsihi kwenye simu, "Mama, ukiugua una haki ya kupumzika, na mkaguzi wa kazi ni mtu wako, mwambie ukweli!" naye akamjibu, "Wee, ukiwa mbali maneno ni rahisi, mimi ndiye ninayeonana na Gergina kila kukicha."

Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024, mchana, mkaguzi alifika bila taarifa, na Bi Gergina akapiga makofi, "Wa asubuhi wote, stoo! Na asikohoe mtu!" Wanawake wakabanana nyuma ya majora ya vitambaa, joto kama la tanuri, na hapo ndipo kifua kilipombana Zdravka. Teodora, aliyekuwa ubavuni mwake, alitaka kupiga kelele, shangazi akamziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona, "Nyamaza, tutafukuzwa sote," kisha akauma leso yake, huku viatu vya mkaguzi vikisikika nje, vikasimama mlangoni, vikaondoka. Masikini, alimwogopa mtu pekee aliyekuja kwa ajili yake. Alifikishwa hospitali jioni, akafariki alfajiri ya tarehe 13 Juni, Rumen akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku zote mbili, majirani waliochemsha ngano ya mazishi, wafanyakazi wenzake kwa maua, na Bi Gergina, aliyesimama pale kwenye mishumaa, kwa shada lake.

Mkaguzi anarudi keshokutwa, Jumatatu, na asubuhi hii, mlangoni pa kanisa, Bi Gergina amemwambia Teodora, "Soma vizuri, mwanangu, usije ukakosa pa kwenda Jumatatu." Teodora anaogopa, ana mtoto wa kulea na hana kazi nyingine bondeni kote, lakini anatamka mbele ya jeneza hili kwamba mkaguzi akifika atamkuta kwenye mashine yake, mchana kweupe, na atamtajia masaa yake yote, na mwenye kutaka kuketi naye, aketi.

Shangazi Zdravka, pumzika kwa amani. Sisi bado tunaogopa, ila tutaketi.